Senti Kumi Yenye Tundu

Saa nane usiku, Mbale. Wanale haionekani, inasikika tu,
maji yake yakianguka mahali fulani gizani.
Mimi Wandeba, mpiga picha wa zamu, nakagua mifuko:
funguo, pini, simu, kibiriti.
Kiunoni mwa mtoto, uzi mweusi
na senti kumi ya kikoloni, yenye tundu katikati.

"Hiyo ni shaba," asema Bibi Khainza. "Shaba haivutwi na sumaku.
Marehemu alikuwa fundi wa redio. Usinidanganye."
Kweli, haivutwi.
Lakini mawimbi yataipasha moto, namwambia,
na ngozi hii ina siku mbili tu duniani.
Anaifungua kwa meno.

Mtoto alizaliwa Budadiri, hakulia.
Dakika kumi na mbili hakulia.
Wamemlaza juu ya godoro la maji baridi
ili ubongo upoe, usijiunguze kwa hasira ya kukosa hewa.
Bibi hajalisamehe godoro hilo.
Tangu lini mtoto mchanga akafunikwa baridi?
Kipimajoto cha matakoni kinasema amepoa.
Kichwa kina mambo yake. Ndiyo maana wamemleta kwangu.

Ndani ya kila tone la maji kuna pia.
Si ile ya wewe pia, yeye pia,
bali pia ya watoto, ya mti, ya kamba na vumbi la uani,
inayozunguka huku ikiyumba.
Sumaku inazisimamisha, pia zote za kichwa hiki kidogo,
wimbi linazigonga,
zinayumba, zinatoa sauti yao,
nami nasikiliza.

Miaka tisa kazini, na bado hili linanishangaza:
joto likipanda, pia za maji hupunguza mwendo.
Kila nikijuacho kikipata moto hukimbia,
uji, nyuki, mdaiwa.
Maji huachia mkono wa jirani,
hujikunja ndani ya shuka lake,
huisikia sumaku kwa mbali,
huzunguka polepole zaidi, kidogo mno,
sehemu moja katika milioni mia kwa kila digrii.

Kwenye kioo vilele vinaota
kama Masaba asubuhi isiyo na ukungu.
Kimoja hakijali joto wala baridi,
mkazi wa neva, jina lake refu kuliko mtoto mwenyewe.
Napima kutoka kwake hadi kwenye maji.
Umbali huo ndio joto.
Hakuna sindano. Hakuna tundu.

Thelathini na nne, nukta tatu.
Daktari Apolot alitaka thelathini na tatu na nusu.
Naandika: ubongo haujakubaliana na godoro.

Halafu kulia, chini, wapo pacha.
Vilele viwili, bega kwa bega:
asidi ya maziwa yaliyochacha,
ileile ya paja la mkimbiaji,
alama ya mwili uliofanya kazi bila pumzi.
Nimewahi kuwaona wakiwa warefu,
nikatoka nje, nikasimama karibu na jenereta
nisisikike.
Hawa ni wafupi.
Sijui kama ufupi wao unatosha.

"Umeona nini?"
Joto lake.
"La ndani?"
La ndani.
"Na hukumgusa."
Sikumgusa.
Anaguna kwa pua. Anaweka kiganja utosini, pale panapodunda,
anakaa kimya kwa muda mrefu kuliko mashine yangu.
"Humu kuna moto kuliko miguuni," asema,
kisha anairudisha senti mahali pake, mafundo matatu.

Mamake, Nabukwasi, mwenye mshono wa juzi,
ameketi tangu saa saba kwenye kiti cha plastiki
katika chumba ninachokipoza kwa ajili ya sumaku.
Hajasema neno.
Sasa anasema, kwa sauti ya kuazima:
"Mimi pia nina baridi."

Nikavua koti.